Maji Yamepimwa. Je, Tope?

Ndugu msikilizaji, kila yanapotokea malalamiko juu ya uchafu wa mto au ufuko katika miji yetu ya pwani, jibu la kwanza linalotolewa huwa ni lile lile: maji yamepimwa, hayana tatizo. Jibu hilo husomwa redioni, huchapwa magazetini, na mambo huishia hapo. Leo nataka nieleze kwa nini jibu hilo, hata likiwa la kweli kabisa, halitoshi. Kwa habari ya metali nzito, anayetaka kuujua ukweli huinama akachota tope.

Tuanze na jina lenyewe. Wataalamu wanapotaja metali nzito huwa wanasema juu ya risasi, zebaki, kadimi, kromi, shaba, zinki, nikeli na jamaa zao. Risasi hii siyo ya bunduki tu. Ndiyo iliyomo ndani ya betri ya gari lako na katika rangi nyingi za nyumba za zamani. Kromi hutumika kulainisha ngozi viwandani. Shaba imo katika rangi inayopakwa matumbo ya meli ili viumbe wa baharini wasijishikize. Zinki ndiyo inayokinga mabati yasipate kutu. Zebaki tunaijua kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Geita na Chunya, lakini imo pia katika taa za mirija na katika vipimajoto vya zamani.

Metali hizi si ngeni duniani. Zimo ndani ya mawe tangu kale, na nyingine, kama shaba na zinki, miili yetu yenyewe inazihitaji kwa kiasi kidogo. Ubaya wake ni mmoja: haziozi. Ganda la muhogo ukilitupa leo, baada ya miezi michache limekuwa mbolea. Risasi ukiitupa leo, wajukuu zako wataikuta ikiwa risasi. Nayo inajulikana kudumaza akili ya mtoto hata kwa kiasi kidogo sana.

Sasa, kwa nini tope? Metali ikiingia mtoni haikai majini kwa muda mrefu. Hujishikiza kwenye chembe za udongo mfinyanzi, kwenye mabaki ya majani na kwenye kutu ya chuma. Maji ya mto yanapokutana na chumvi ya bahari, chembe hizo hugandamana, huwa nzito, zikazama. Ndiyo sababu mahali pa mto kuingilia baharini, hasa penye mikoko, ni kama ghala. Kiasi cha metali katika tope la mahali kama hapo kinaweza kuzidi kile cha majini mara maelfu kadhaa.

Zaidi ya hayo, maji hayatulii. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Anayechota chupa ya maji saa nne asubuhi anapima maji ya saa nne asubuhi, basi. Kama kuna aliyefungua bomba lake usiku wa manane, chupa ile haina habari. Tope, kwa upande wake, limepokea mzigo wa usiku ule, na wa mwaka jana, na wa miaka ishirini iliyopita.

Mfano mkubwa kuliko yote unatoka Japani, katika mji wa Minamata. Tarehe 1 Mei, 1956 iliripotiwa rasmi kwamba watu wa mji ule wanaugua maradhi yasiyojulikana: mikono kutetemeka, macho kufifia, ulimi kuwa mzito, wengine kufa. Walikuwa wavuvi na jamaa zao. Kiwanda cha kemikali cha kampuni ya Chisso kilikuwa kikitumia zebaki, na maji yake machafu yalimwagwa ghubani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walipopima tope la ghuba ile mwaka 1959, walikuta karibu na mfereji wa kiwanda zebaki ya kiasi cha kilo 2 katika kila tani moja ya tope. Walipozidi kwenda mbali na mfereji, kiasi kikazidi kupungua. Tope likawa kama kidole kinachomnyooshea mtu.

Hata hivyo kiwanda hakikuacha kutumia njia ile mpaka mwaka 1968. Kusafisha ghuba kulianza mwaka 1977 na kukaisha mwaka 1990. Tope lote lenye zebaki ya miligramu 25 au zaidi kwa kilo, kiasi cha meta za ujazo milioni 1.5, lilichimbuliwa au kufukiwa, na mahali pake pakapatikana nchi kavu ya hekta 58. Gharama ilikuwa yeni bilioni 48.5.

Nimeutaja Minamata kwa ajili ya somo lake. Kipimo cha tope kinaweza kumfichua mchafuzi. Lakini ili kifanye hivyo sharti kipimwe sawasawa, na sharti mwananchi ajue kukisoma. Hebu basi tuingie katika kazi yenyewe.

Mpimaji huenda na mashua, akateremsha chombo chenye mataya kinachouma tope la chini na kulipandisha. Akitaka historia ya mahali, huzamisha bomba la plastiki wima ndani ya tope, akalitoa limejaa kama mua. Hatumii kijiko cha chuma, kwa sababu chuma chenyewe ni metali na kitaacha alama yake. Vyombo vyake vimeoshwa kwa asidi. Sampuli huwekwa kwenye barafu. Maabarani hukaushwa pole pole bila joto kali, maana zebaki ikipata joto hutoroka na mvuke.

Tope kavu husagwa, kisha huchemshwa ndani ya asidi kali hadi metali ziyeyuke. Myeyusho ule hunyunyizwa katika mwali wa moto. Upande mmoja wa mwali huwashwa taa maalumu. Atomi za risasi hunyonya aina fulani tu ya mwanga, na za kadimi hunyonya ya kwao. Kadiri mwanga unavyopungua upande wa pili, ndivyo metali ilivyo nyingi. Mbinu hii tunamshukuru kwayo Alan Walsh, mwanasayansi wa Australia aliyeitangaza miaka ya 1950. Siku hizi zipo mashine zenye uwezo mkubwa zaidi, lakini hii bado inafanya kazi katika maabara nyingi.

Jibu hutolewa kwa miligramu katika kilo moja ya tope kavu. Miligramu 1 kwa kilo ni sawa na gramu 1 katika tani, yaani chumvi ya ncha ya kijiko iliyochanganywa katika magunia 10 ya kilo mia mia. Ukipima vitu vidogo hivyo, uchafu wa maabara yenyewe unaweza kukudanganya. Mmarekani Clair Patterson, ambaye mwaka 1956 alitangaza kwamba umri wa dunia ni miaka bilioni 4.55, aliipata hesabu hiyo kwa kupima risasi ndani ya vimondo. Kwa miaka kadhaa vipimo vyake vilikuwa vikiharibika, kwa sababu risasi ilikuwa kila mahali: katika vumbi, katika maji ya bomba, katika vyombo vyake. Ilimbidi ajenge maabara safi isiyo na mfano wakati ule. Baadaye akawa mmoja wa watu waliopiga kelele zaidi dhidi ya risasi katika petroli.

Kwa hiyo maabara makini hufanya mambo mawili kila siku ya kazi. Kwanza, hupitisha asidi tupu isiyo na tope, ili kujua uchafu wake yenyewe ni kiasi gani. Pili, hupima tope la mfano, lile ambalo kiasi cha metali zake kinajulikana tayari. Maabara ya bahari ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, kule Monaco, hutengeneza tope la namna hiyo na kuwatumia wapimaji wa nchi mbalimbali. Mpimaji akipata jibu lile lile, tunamwamini. Akikosa, ni kama muuza duka ambaye mawe yake ya mizani hayajakaguliwa.

Tuseme sasa namba imepatikana, na ni sahihi. Je, ni kubwa au ndogo? Hapa ndipo watu wengi hupotoshwa, wengine kwa kutojua na wengine kwa makusudi.

Jambo la kwanza ni aina ya tope. Mchanga haushiki metali kama udongo laini. Mtu akitaka namba ndogo, anachotakiwa ni kupima mchanga wa ufukweni tu. Akitaka namba ya kutisha, apime tope laini la mikokoni. Wote wawili watakuwa wamesema kweli, na wote watakuwa wametudanganya. Dawa ya ujanja huo ni kuchekecha tope kwa chujio la tundu la mikroni 63, ili laini lilinganishwe na laini. Dawa nyingine ni kupima pia aluminiamu, ambayo ni sehemu ya udongo mfinyanzi wenyewe, na ambayo shughuli za watu ni nadra kuibadilisha sana.

Chukua mfano huu wa kujifunzia. Mawe yatokanayo na tope la kale la baharini, ambayo hayakuguswa na kiwanda chochote, kwa wastani yana risasi miligramu 20 kwa kilo na aluminiamu asilimia 8. Yaani kila asilimia moja ya aluminiamu ina risasi 2.5. Sasa tuna sampuli mbili. Ya kwanza ni tope zito lenye risasi 24 na aluminiamu asilimia 8. Ya pili ni ya mchanga, yenye risasi 15 na aluminiamu asilimia 2. Ukitazama risasi peke yake, utasema la kwanza ndilo chafu. Gawanya. La kwanza linatoa 3, karibu sana na hali ya asili. La pili linatoa 7.5, mara tatu ya asili. Huo mchanga wenye namba ndogo ndio uliotiliwa kitu.

Jambo la pili ni kulinganisha na nini. Wastani wa dunia ni msaada, lakini kilicho bora ni tope la mahali pale pale kabla ya mji kukua. Hapo ndipo lile bomba la plastiki linapofaa. Tope la juu ni la juzi, la chini ni la zamani. Umri wake hujulikana kwa risasi 210, aina ya asili ambayo nusu yake hupotea kila baada ya miaka 22 hivi, na kwa siziamu 137 iliyotawanywa na majaribio ya mabomu ya nyuklia, ambayo kilele chake katika tope ni mwaka 1963. Mahali tulivu unaweza kuona miaka ya petroli yenye risasi ilivyoingia na kutoka. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na mwaka 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, likatangaza kwamba Algeria, nchi ya mwisho duniani, nayo imeiacha.

Jambo la tatu ni hali ya metali ndani ya tope. Asidi kali kupita zote huyeyusha hata metali iliyofungwa ndani ya punje za mawe, ambayo mnyoo au chaza hawezi kuitoa. Asidi hafifu hutoa ile tu iliyojishikiza juu juu, na hiyo ndiyo inayoweza kuingia katika chakula. Basi ukisikia namba, uliza: ni asidi gani? Namba mbili za tope moja zinaweza kutofautiana sana kwa sababu hiyo tu.

Na hapa, ndugu msikilizaji, ndipo habari hii inapotugusa sisi wa Dar es Salaam. Tope jeusi la mikokoni, lile linalonuka mayai viza, halina hewa ndani yake. Salfa iliyomo huzishika risasi, kadimi, shaba na zinki kwa nguvu, zikatulia. Ukiliacha, limelala. Ukilichimbua na kulianika juani, hewa inaingia, kifungo kinalegea, na metali zinaweza kurudi majini. Tope ambalo lilikuwa ghala linageuka kuwa chemchemi.

Mto Msimbazi unatoka milima ya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, na kuingia baharini penye daraja la Salenda. Bonde lake limepokea maji ya viwanda, gereji, machinjio na majaa. Wakazi wa Tabata walilishtaki jiji kwa ajili ya jaa lao, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikawapa haki. Jaa lilifungwa, na Vingunguti nako baadaye likafungwa. Lakini kufunga jaa hakuondoi metali iliyokwisha kuteremka na mvua. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa bonde la Msimbazi, na miongoni mwa kazi zilizopangwa ni kuchimba na kupanua sehemu ya chini ya mto ili mafuriko ya Jangwani yapungue. Hakuna mkazi wa Jangwani atakayekataa mafuriko kupungua. Ila tope linalotoka pale lazima lijulikane ni tope gani, linakwenda wapi, na limepimwa namna gani kabla ya kijiko cha mashine kulitia mdomo.

Vipo viwango vya kutuongoza. Wamarekani mwaka 1995 walichapisha kwamba risasi ikiwa chini ya miligramu 46.7 kwa kilo ya tope ni nadra viumbe wa humo kudhurika, na ikipita 218 madhara ni ya mara kwa mara. Kwa kadimi namba hizo ni 1.2 na 9.6. Ni taa ya kumulikia njia, wala si sheria. Zilitokana hasa na viumbe wa Marekani, na zinasema juu ya wakazi wa tope, siyo juu ya mlaji. Anayetaka kujua kama kaa au samaki anafaa kuliwa, sharti apime nyama yake. Kiwango cha kimataifa cha risasi katika samaki ni miligramu 0.3 kwa kilo.

Wataalamu hatukosi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa wakichapisha vipimo vya tope la bandari na mito yetu tangu miaka ya 1990, na chuo hicho kina taasisi yake ya sayansi za bahari kule Zanzibar. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi mkubwa, na inampa mwananchi nafasi ya kusema. Nafasi hiyo hupotea pale anapokwenda mkutanoni bila swali la kuuliza.

Kwa hiyo nakuachia maswali matano, uyakate uyatie mfukoni. Mmepima maji, au tope? Tope la aina gani, na mmelichekecha? Mmelinganisha na nini? Mmetumia asidi gani, na maabara yenu ilipima tope la mfano? Na mwisho: mkilichimbua, mtalipeleka wapi?

Mtaalamu mwaminifu hatachukia kuulizwa hivyo. Atafurahi, kwa sababu ndiyo maswali anayojiuliza mwenyewe. Atakayekasirika, mwandike jina lake na tarehe.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kwa wiki hii. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo, saa na siku kama hii.